Mtoto wa Jicho Hangoji Mtoto Akue

Mara nyingi katika visiwa na vijiji vya mwambao wa Ziwa letu tumesikia ikisemwa: "Mwache mtoto akue kwanza, ndipo tumpeleke kwa daktari wa macho." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini sisi tunaona kwamba huwaacha watoto wengine gizani maisha yao yote.

Wengi hudhani mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee tu. Sivyo. Mtoto aweza kuzaliwa nao, ukaonekana kama weupe ndani ya mboni.

Jicho peke yake halitambui kitu. Hupokea mwanga, na mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, upande wa kisogoni. Huko ziko chembe zinazoitikia mstari uliosimama, nyingine uliolala, nyingine ulioinama. Sehemu nyingine za ubongo huiunganisha mistari hiyo, hata mtoto akaijua sura ya mama yake. Kazi hii ubongo hujifunza tangu miezi ya mwanzo.

Wataalamu Hubel na Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walilichunguza jambo hili huko Marekani. Waliziba jicho moja la paka na kima wachanga. Walipolizibua baadaye, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo haukulitumia tena.

Mzee akichelewa kupasuliwa, bado ataona, maana ubongo wake ulikwisha kujifunza. Mtoto mchanga hana akiba hiyo. Ikiwa mboni zimezibwa kabisa, yafaa apasuliwe kabla ya wiki 10 hivi.

Kwa hiyo, mama anapokwenda kliniki kwa chanjo ya wiki 6, asione haya kumwomba muuguzi atazame mboni za mwanawe. Weupe ukionekana, aende upesi kwenye hospitali yenye daktari wa macho, kama Bugando. Asitie dawa za kienyeji, kwani zaweza kuunguza jicho, na pengine weupe huo ni saratani. Baada ya upasuaji, miwani isiachwe. Hata aliyechelewa apelekwe.

Twajua nauli ni mzigo. Lakini jumuiya zetu ndogondogo huchangia harusi na misiba. Basi zichangie pia safari ya mtoto huyu, tena mapema.