Mwendo wa Askari Hautoki kwa Mganga

Jumapili iliyopita, hapa Lwiro, Kivu, mhubiri mgeni aliwaonya vijana wasitazame filamu ya Black Panther. Wale wanawake walionyoa vichwa, wanaomlinda mfalme wa Wakanda, hawawezi kusogea kwa wepesi na utulivu ule ila wana pepo, alisema. Kijana nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake: si pepo, ni dawa. Wote wawili waliniudhi, maana wanasema jambo moja: kwamba mwili haufundishiki, lazima uingiwe na kitu.

Mhubiri hakuitazama filamu. Katika hadithi ile ya 2018 dawa ipo, mmea wenye umbo la moyo, ila anayeunywa ni mfalme. Walinzi wake, Dora Milaje, hawaonjeshwi hata tone. Wana mikuki na mazoezi, basi. Mmoja wao, Ayo, anaigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, akasomea uigizaji, uimbaji na dansi Uholanzi. Miaka ya kurudia hatua ileile ndiyo mnayoiita pepo. Mbona kwaya ikicheza vizuri hakuna anayeishuku? Kwa sababu tunawasikia wakirudia kila jioni.

Tuchukue mfano wa kweli: tuvuke mto Ruzizi hadi Rwanda. Intore wa mwami, yaani mfalme, walikuwa vijana walioteuliwa, wakapelekwa kwenye shule iliyoitwa itorero, wakafundishwa huko kucheza, kusema mbele za watu na kupigana. Ule mruko, ile mikono iliyotanuka, ule mguu unaotua bila kuyumba, viliwagharimu jasho kabla ya kuwapa sifa. Eti ni damu, wamezaliwa hivyo! Kama ni damu, itorero ilikuwa ya nini? Wangekaa nyumbani wakisubiri damu ichemke.

Asiyeamini watu aamini wanyama. Kituo cha sokwe yatima kiko hapahapa Lwiro tangu 2002. Aende akaone walezi wanavyokaa na watoto wa sokwe walionyang'anywa mama zao na wawindaji, hadi wawe tayari kuunganishwa na kundi. Mnyama wa miti naye anahitaji wa kumwonyesha.

Hata ulingoni ni hivyo: wanaodai bondia Muhammad Ali alimwangusha mpinzani wake Foreman kwa uganga Kinshasa mwaka 1974 wanasahau wiki alizotoka jasho mazoezini N'Sele. Timu zetu za mtaani zina ugonjwa huohuo: pesa za mipira zinaishia kwa mganga, na siku ya mechi kipa hajui hata kuanguka.

Lakini tukipoteza mechi tunarudi nyumbani. Vitani haturudi. Mapema Agosti 1905, katika koloni lao la Afrika Mashariki, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi. Mwisho wa mwezi huohuo maelfu walioyaamini maji yale waliiendea ngome ya Mahenge, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Walikuwa watu jasiri mno, na ujasiri wao uliuzwa kwa kibuyu. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walichanjwa dawa hapa Kongo, wakafa vilevile. Na leo, katika vilima vya Kivu yetu, bado kuna kadogo, askari mtoto, anayenyunyiziwa maji, anaambiwa sasa wewe ni askari, kisha anasukumwa mbele hajui kulala chini risasi inapolia. Hajafundishwa chochote. Waliomtuma wanaamini kilichomo mwilini mwake kinatosha.

Ndiyo maana mahubiri yale sikuyachukulia kama mzaha. Mhubiri anadhani anaipiga vita dawa, kumbe anaitangaza, maana amekubali kwamba inafanya kazi. Wazazi wa Lwiro, Katana na Kavumu, mganga akija kumtaka mtoto wenu, mwambieni asimame yeye mbele ya bunduki kwanza, maji yake yakiwa bado hayajamkauka mwilini.