Mkanda wa Motokaa



Kutoka Bagamoyo, Kaole, Zinga au Kerege kwenda Dar es Salaam si safari ya kufika kilomita 80. Kwa hiyo wengi wetu huiona fupi, tukaondoka bila kufungua boneti. Lakini mkanda uzungushao altaneta hautazami urefu wa safari. Ukikatika, betri haichajiwi tena, na usukani waweza kuwa mzito ghafula. Na ikiwa mkanda huohuo ndio uzungushao pampu ya maji, injini itachemka baada ya mwendo mdogo. Aliyempakia mgonjwa usiku atajua hapo thamani ya kitu hiki kidogo.

Twaona, basi, yafaa kila nyumba yenye motokaa ijue kuubadili, na vijana wetu waifanye kazi hii kwa mikono yao.

Kwanza, zitazameni dalili. Mkanda ukilia injini inapowashwa asubuhi, ukiwa na nyufa, umechanika pembeni au umelowa oili, wakati wake umekwisha. Mchanga wa njia zetu za pwani nao huingia katika mifuo yake na kuumaliza upesi.

Pili, msinunue kwa kukisia. Someni nambari iliyo mgongoni mwa mkanda wa zamani: 6PK1200 maana yake ni mistari 6 na urefu wa milimita 1200. Nambari ikiwa imefutika, chukueni mkanda wenyewe dukani.

Tatu, kazi yenyewe. Injini iwe imepoa, breki ya mkono imevutwa, ufunguo umo mfukoni, na waya wa hasi wa betri umefunguliwa. Kabla ya kugusa kitu, choreni karatasini njia ipitayo mkanda katika puli zote. Kwani ukipitishwa vibaya, pampu yaweza kuzunguka kinyume. Motokaa nyingi za siku hizi zina kikaza mkanda chenye springi: kigeuzeni kwa spana, mkanda utalegea. Nyingine zina bolti ya kukazia kwenye altaneta. Zungusheni puli ndogo kwa mkono. Inayokwaruza au kutikisika, beringi yake imekwisha, nayo itauharibu mkanda mpya. Kisha uvikeni, kila mstari ukae katika mfuo wake.

Kabla ya kuwasha, vidole, mikono ya kanzu na mitandio yote iwe mbali.

Lakini mkanda wa taimingi, ulio ndani ya kifuniko chake, mwachieni fundi. Ukikosewa jino moja tu, injini yaweza kuharibika.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye motokaa ameaminiwa roho za anaowapakia. Tusingoje kusimama Mapinga usiku, tukimulika injini kwa taa ya simu, ndipo tukumbuke ule mlio tuliousikia juma zima.