Mnyama Asiyeuza Tiketi

Orodha ya "wakubwa watano" inayobandikwa kwenye kila kipeperushi cha utalii, yaani simba, chui, tembo, nyati na kifaru, haikutungwa na wahifadhi. Ilitungwa na wawindaji wa enzi za ukoloni, waliokuwa wakihesabu wanyama wa hatari zaidi kuwafuata kwa miguu. Bunduki zimepisha kamera, orodha imebaki ileile. Bara lenye jangwa la Namib, misitu ya Kongo, milima ya Bale kule Ethiopia na visiwa vya Bahari ya Hindi likawa linapimwa kwa kile ambacho mgeni anaweza kukiona akiwa amesimama ndani ya gari lililofunguliwa paa. Kipimo hicho kimeziletea nchi zetu fedha nyingi, na sina ugomvi na fedha hizo. Ugomvi wangu ni kwamba tumezoea kuamini kuwa mnyama akitazamwa basi amehifadhiwa, na asiye na watazamaji hana hoja ya kuhifadhiwa.

Chukueni chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996, wataalamu walipokuwa wakichunguza korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kabla mitambo ya umeme haijaanza kazi. Ni kiumbe mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia urefu wa kidole gumba, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai yakaanguliwa majini. Makao yake duniani kote yalikuwa hekta chache tu, zikiloweshwa mchana na usiku na ukungu wa maporomoko. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji iligeuziwa kwenye mitambo ya megawati 180, na ukungu ukakatika. Ikabidi yatandazwe mabomba ya kunyunyizia maji ili kuuiga, na vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2003 waliobaki korongoni waliporomoka ghafla, maradhi ya ukuvu yakiwa miongoni mwa watuhumiwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini; uzao wa wale waliopelekwa ughaibuni ulianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Mitaani vyura hao wakawa mzaha, na mzaha wenyewe unaeleweka. Lakini ni kiingilio gani kingewaokoa? Korongo ni finyu na mteremko ni mkali, na viatu vya wageni vingeweza kuwaletea ukuvu uleule unaotuhumiwa kuwaua.

Wapo watakaonijibu kwa sokwe wa milimani. Naye anaishi msituni, watasema, na utalii ndio uliomwokoa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Rwanda inatoza dola 1,500 kwa kibali kimoja, wageni wasiozidi wanane hukaa na familia ya sokwe kwa saa moja, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa wanavijiji. Idadi ya sokwe hao imevuka 1,000, na mwaka 2018 walishushwa daraja moja katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Ila tutazame kinachouzwa pale: mnyama mkubwa, mwenye uso unaofanana na wetu, anayekubali kuzoeshwa watu. Chura hazoeshwi. Mbweha wa Ethiopia, ambao hawafiki 500 na wanamalizwa na kichaa cha mbwa, wanahitaji mbwa wa wafugaji wachanjwe kabla ya kuhitaji wageni wa kuwapiga picha. Hata kwa sokwe, tiketi si nguzo ya kuegemea peke yake. Hifadhi ya Virunga, kule Kongo, ilifunga utalii mwaka 2018 kwa sababu ya usalama, na mwaka 2020 korona ikafunga milango karibu kila mahali. Askari wa doria hawakuacha kuhitaji mshahara wageni walipoacha kuja.

Pingamizi zito zaidi ni lile la umaskini: nchi yenye uhaba wa umeme na madarasa imgharamie chura? Swali hili linadhani kwamba chura na umeme ni mafungu mawili yanayogombana, ilhali vyote viwili vinakunywa maji ya mlima mmoja. Mto Kihansi ukikauka, mitambo nayo inasimama. Mto Ruvu, unaolisha mabomba ya Dar es Salaam, unaanzia kwenye misitu ya Uluguru, ambako pia wapo viumbe wasiopatikana kwingine na wasio na foleni ya magari ya kuwatazama. Anayefaidi misitu hiyo kila siku ni mkazi wa mjini anayenunua umeme wa LUKU na kufungua bomba, huku mkulima wa mlimani akiambiwa asilime kandokando ya kijito, wala asilipwe kitu.

Kwa hiyo bili ya ulinzi wa misitu ya milimani ielekezwe kwa watumiaji wa maji na umeme: sehemu ndogo ya kila yuniti, itengwe kwa sheria, iende kwa walinzi wa vyanzo na kwa vijiji vinavyopakana na misitu. Najua neno tozo halipendwi, na halipendwi kwa sababu nzuri. Fedha hizi zikitumbukizwa kwenye mfuko mkuu zitapotea njiani, hivyo kijiji kiwe na haki ya kuona hesabu zake kama kinavyoona mita ya mto. Serengeti iendelee kuuza tiketi, maana nyumbu zaidi ya milioni moja wanaovuka mto wanajitangaza wenyewe. Korongo la Kihansi lilipiwe na yule anayewasha taa.