Mlima Doi Suthep upandwe kwa miguu

Wageni wengi wanaofika Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, huuona mlima Doi Suthep kupitia dirisha la gari. Hukodi pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, usafiri wa aina ile ile ambao wakazi wa zamani wa Dar es Salaam waliuita chai maharage, na baada ya kona nyingi hushushwa mbele ya ngazi za hekalu. Hupanda ngazi hizo, zaidi ya 300, wakapiga picha kwenye mnara wa dhahabu, wakateremka, wakarudi mjini kula. Wanakuwa wamepita ndani ya hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 261 bila kukanyaga udongo wake.

Inasikitisha, kwa sababu hapa ni mahali pa hija, na hija yenyewe ilianza kwa kupanda. Masimulizi ya Lanna, ufalme wa kale wa eneo hilo, yanasema kwamba katika karne ya 14 Mfalme Kuena alipokea mfupa unaoaminika kuwa wa Buddha, ulioletwa na mtawa kutoka Sukhothai. Mfupa ukagawanyika mara mbili. Kipande kimoja kikahifadhiwa mjini, cha pili kikawekwa mgongoni mwa tembo mweupe, naye akaachiwa aende atakako. Tembo akaukwea mlima, akalia mara tatu, akafia pale pale. Hapo ndipo lilipojengwa hekalu la Wat Phra That Doi Suthep, na mwaka unaotajwa ni 1383.

Njia ya miguu bado ipo. Inaanzia nyuma ya Chuo Kikuu cha Chiang Mai, ikaingia msituni, na miti ya kandokando imefungwa vitambaa vya rangi ya machungwa, rangi ya mavazi ya watawa, ili mpandaji asipotee. Kwa mwendo usiofika saa moja mtu anatokea Wat Pha Lat, hekalu dogo ambapo kijito huteleza juu ya mwamba mpana na mji wote unaonekana chini. Mahujaji wa zamani walikuwa wakipumzika hapo kabla ya kuendelea. Barabara ilipojengwa, msafara ukahama, Wat Pha Lat ikabaki na watawa wake na kuta zilizoota kuvu la kijani. Anayepita hapo anafika hekalu la juu akiwa ametoka jasho, na ameshajua kwa nini watu walihitaji kituo cha kupumzikia.

Maji nayo yanajulikana vizuri zaidi kwa miguu. Huay Kaew ni maporomoko yaliyo chini kabisa, karibu na mji. Monthatharn yako juu zaidi, yakishuka daraja kwa daraja ndani ya msitu mnene. Wapenda ukubwa hawatashangazwa nayo, na mwishoni mwa miezi ya kiangazi hupungua sana. Thamani yake iko kwingine. Mfalme Mangrai alipoanzisha Chiang Mai mwaka 1296, aliuweka mji kati ya mlima huu na Mto Ping, na kijito cha Huay Kaew kikawa kinajaza handaki la maji lililouzunguka. Mji uliishi kwa maji ya mlima huu. Mgeni anayekaa dakika kumi tu kwenye miamba ya Huay Kaew anaelewa hilo kuliko aliyesoma kibao cha maelezo huko juu.

Hata hivyo barabara hiyo ya magari haifai kubezwa, kwa kuwa historia yake ni ya fahari. Khruba Siwichai, mtawa aliyezaliwa Lamphun mwaka 1878, alipendwa sana na wanavijiji wa kaskazini na kutiliwa shaka na wakubwa wa Bangkok. Sheria ya watawa ya mwaka 1902 ilitaka anayewapa vijana daraja la utawa awe ameidhinishwa. Yeye aliendelea kufuata desturi za kwao, akashtakiwa na kuzuiliwa zaidi ya mara moja. Mtu huyo huyo, Novemba 1934, alianza kuchonga barabara ya kilomita zipatazo 11 kwenda hekaluni. Wanavijiji walikuja kwa maelfu na majembe yao, wakajitolea bila ujira, na mwisho wa Aprili 1935 gari la kwanza likapanda. Ni chini ya miezi sita! Sanamu yake imesimama mwanzo wa barabara hiyo, na madereva wengi hawaipiti bila kuunganisha viganja kwa heshima.

Ukikumbuka majembe hayo, unaelewa kwa nini watu wa Chiang Mai huwa wakali mlima wao unapoguswa. Katikati ya miaka ya 1980 ulipokuja mpango wa kujenga gari la waya hadi hekaluni, watawa, wanafunzi na wakazi waliupinga hadi ukakwama. Mwaka 2018 picha za kutoka angani zilionyesha nyumba za majaji na watumishi wa mahakama zikipandisha mteremko, zimekata msitu kama kovu. Ujenzi ulikuwa kwenye ardhi ya serikali, nje ya mpaka wa hifadhi, na kisheria haukuwa na dosari. Wakazi hawakuridhika na jibu hilo. Mwishoni mwa Aprili zaidi ya watu elfu moja waliandamana wakiwa na utepe wa kijani, na Mei serikali ikakubali kwamba hakuna atakayeishi katika nyumba hizo. Walikuwa na haki. Mpaka uliochorwa mwaka 1981, hifadhi ilipotangazwa, ni wa karatasi za ofisini. Mlima ambao watu wanauheshimu ni mpana kuliko mpaka huo.

Lakini heshima hiyo ina deni kwa wengine pia. Ndani ya hifadhi wapo Wahmong, kabila la milimani, na mara nyingi watu wa bondeni wamewatupia lawama za ukataji miti. Kijiji cha Ban Mae Sa Mai kinatoa jibu zuri. Tangu miaka ya 1990 wanakijiji wameshirikiana na kitengo cha utafiti wa kurejesha misitu cha Chuo Kikuu cha Chiang Mai, kilichoanzishwa mwaka 1994, kuotesha miche na kuipanda kwenye mashamba yaliyochoka. Hupandwa aina 20 hadi 30 za miti ya asili inayokua haraka na kuvuta ndege na popo, nao huleta mbegu za miti mingine kwenye vinyesi vyao. Msitu umerudi kwa mikono ya wale wale waliolaumiwa. Mtalii anayefika kijiji cha Wahmong cha Doi Pui kununua nguo za tarizi na kuondoka angefanya vyema kuuliza habari za miti.

Adui mkubwa sasa ni moto. Kati ya Februari na Aprili majani makavu hushika haraka, na mwishoni mwa Machi 2020 moto mkubwa uliwaka kwenye miteremko ya hifadhi huku moshi ukiufunika mji. Katika wiki hizo Chiang Mai huhesabiwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu zaidi duniani. Hija ya sikukuu ya Kibuddha ya Visakha Bucha, ambapo maelfu hutembea usiku kutoka kwenye sanamu ya Siwichai hadi hekaluni, kwa kawaida huja Mei, mvua zinapoanza kuusafisha mlima.

Kwa hiyo atakayekwenda na achague Novemba au Desemba, maporomoko yakiwa bado na maji na hewa ikiwa safi. Aondoke alfajiri, avae viatu vinavyoshika mwamba, afunike mabega na magoti kwa ajili ya hekalu, alipe ada ya hifadhi bila kunung'unika. Wazee na wenye magoti mabovu wapande pikapu. Barabara ni yao kwa haki. Wengine wote waanzie kwenye vile vitambaa vya machungwa, wapumzike Wat Pha Lat, na pikapu waiache kwa safari ya kushuka.