Daftari la Wiki: Uchungu Ni wa Nani?

Katika miji yetu mikubwa, Nairobi ikitangulia na mingine ikifuata, zimezuka nyumba za starehe ambazo haziuzi chupa za viwanda vikubwa, bali bia iliyopikwa papo hapo, katika mapipa ya chuma yang'aayo nyuma ya kioo, nayo bei yake ni ya kumfanya mtu wa mshahara wa kawaida anywe funda dogo dogo huku akihesabu. Jamaa zangu walinialika katika nyumba moja ya namna hiyo. Mimi nilikunywa tangawizi, lakini masikio hayana haramu. Kadi ya vinywaji ilikuwa imeandika, mbele ya kila jina la bia, kiwango cha uchungu wake kwa tarakimu, nikamsikia kijana wa meza ya jirani akimwuliza mhudumu ni ipi yenye tarakimu kubwa kuliko zote, kabla hajauliza ina ladha gani. Na ilipoletwa akainywa uso umemkunjamana, machozi yakimlengalenga, kisha akatangaza kwamba ni nzuri mno. Dada aliyefuatana naye hakuuliza neno, ila mhudumu alikwisha kumshauri achukue ile ya matunda.

Ushauri ule una dhana nyuma yake, nayo inafahamika kote: uchungu ni wa wanaume, utamu ni wa wanawake. Matajiri wa bia wameitegemea dhana hiyo hata wakapata hasara. Mwaka 2011 kampuni ya Molson Coors ilileta katika soko la Uingereza bia iitwayo Animée, aina tatu, mojawapo ya rangi ya waridi na nyingine ya ladha ya limau, iliyokusudiwa wanawake mahususi; wanawake wenyewe hawakuitaka, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni.

*

Walioshughulika na elimu ya ulimi wana kisa wapendacho kukisimulia. Mwaka 1931, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, mwanakemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga alioutengeneza, vumbi lake likapeperuka, mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu, ilhali Fox, ambaye alikuwa karibu zaidi na unga ule, hakuhisi kitu asilani. Wakabishana, wakaonja wote wawili, kisha Fox akawaonjesha watu wengine, ikabainika kwamba baadhi ya watu huzaliwa hawauonji uchungu ule kabisa na wengine huuonja mara moja. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Linda Bartoshuk alionyesha kuwa wako watu ambao ndimi zao huhisi ladha hiyo kwa ukali uliopindukia, na kwamba katika kundi hilo wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Hapo wenye dhana ya kale hupiga makofi, nami huwaomba wasubiri. Kuwa wengi si kuwa wote, maana katika kundi hilo wamo wanaume pia, na katika kundi la wasiohisi kitu wamo wanawake tele. Fauka ya hayo, unga wa Fox si hopsi, yaani yale maua ya mtambaazi yatiwayo katika bia ili iwe chungu. Uchungu wa hopsi hupokewa ulimini kwa milango mingine, kwa hiyo anayeukimbia ule huenda akaustahamili huu. Na lililo kubwa zaidi, ulimi hufundishika. Hakuna mtoto, wa kike wala wa kiume, aliyeonja kahawa chungu kwa mara ya kwanza asiiteme.

*

Kwa kuwa nimeitaja kahawa: sisi watu wa pwani tuna mzaha wetu wenyewe. Wanaume barazani hujisifu kwa kahawa chungu isiyotiwa sukari, kikombe kidogo baada ya kikombe, na huiona chai ya maziwa kuwa ni kinywaji cha ndani. Lakini mtazame mwenye kujisifu huyo, utamkuta ana kashata shavuni. Ilhali huko ndani anakokudharau, mama anapika mchunga kwa nazi, mboga ambayo uchungu wake hauishi kwa tui wala kwa ndimu, naye huula kwa raha bila ya kumtangazia mtu ushujaa wake.

*

Nimekwenda Kilimanjaro, upande wa Marangu, kuwatazama wapishi wa mbege, kwa sababu bia ya kupikwa kwa mkono si jambo lililotufikia kwa ndege. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu hadi zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi ulioota hukaushwa, husagwa, hupikwa uji. Kisha maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji uliopoa, na kinywaji huachwa kikomae. Uchungu wake hautoki katika hopsi ila katika gome la msesewa. Mama aliyenipokea alikuwa na vipande vya gome hilo katika kikapu, vyekundu upande wa ndani, akavunja kimoja akanipa nitafune, na kwa saa nzima baadaye sikuonja kitu kingine. Nilipomwuliza kama huwapunguzia wanawake msesewa, alinitazama kwa huruma.

"Baba," akasema, "wapo wanaotaka kali na wapo wasioitaka. Nawajua kwa majina yao, si kwa kanga na suruali."

Akaonja mwenyewe kwanza, kama ilivyo kaida ya mpishi mbele ya wageni, akaongeza uji kidogo, akaonja tena. Wazee waliokaa kwenye benchi walingoja hukumu yake, wala hakuna aliyedai kwamba ulimi wa mwanamke haujui uchungu.

Na si Wachaga wa Kilimanjaro peke yao. Kwa Wateso wa Uganda, ajono ya ulezi, inywewayo kwa mirija mirefu katika chungu kimoja, aghalabu ni kazi ya wanawake. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, takriban miaka 3,750 iliyopita, mwenye klabu ya pombe anayetajwa ni mwanamke, na adhabu ya kuwapunja wateja ni kutupwa majini. Miongoni mwa maandishi ya kale yanayoeleza kwamba uchungu wa hopsi huzuia kinywaji kisiharibike yamo ya Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1179. Huko Uingereza nako wanawake ndio waliokuwa wakipika majumbani kwao, hata biashara iliponona, ikataka mitaji na vyama vyenye hati ya mfalme, ikawaponyoka. Uchungu unaotajwa leo kuwa wa kiume ulipimwa karne nyingi kwa ulimi wa kike.

*

Jambo la mwisho la juma hili. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia sahihi sheria iliyoruhusu watu kujipikia bia majumbani bila kutozwa kodi, na wapishi wengi wa viwanda vidogo vya huko walianzia jikoni mwao. Kwetu mpishi wa jikoni bado hukimbizana na askari. Basi nawaomba wenye nyumba zile za vioo, wanapotafuta mtu wa kuwaonjea pipa jipya, wapande Marangu wakamwajiri mmoja wa wale akina mama, wamlipe mshahara wa mtaalamu. Na wahudumu wao, kabla ya kumshauri mteja, wamwulize kwanza anapenda nini.