Injini Ikivuta Hewa, Ziba Ufa Mapema

Ndugu msomaji, je, gari lako kuukuu la kabureta limeanza kutetemeka unapongoja njia pale Kondele? Ukikanyaga mafuta linatulia, ukiachilia linataka kuzima? Usikimbilie kununua plagi mpya. Huenda injini inavuta hewa mahali pasipofaa.

Injini ya petroli hufyonza hewa kama mtoto anywaye soda kwa mrija. Hewa hiyo yapasa kupitia kwenye kabureta ili ichanganyike na mafuta kwa kipimo. Mpira ukipasuka, au gasketi iliyo chini ya kabureta ikichakaa, hewa nyingine huingia kwa wizi. Basi mafuta huwa machache kuliko hewa, na injini huanza kumisi na kupata joto.

La kuogofya zaidi ni breki. Katika magari mengi ya petroli, mpira mmoja mnene hutoka kwenye injini hadi kwenye busta, lile kopo kubwa jeusi linalokupunguzia kazi ya kukanyaga breki. Mpira huo ukipasuka, kanyagio huwa gumu. Hebu fikiri unateremka Riat ukitoka Kakamega, watoto wamejaa kiti cha nyuma, na matatu inasimama ghafla mbele yako!

Kwa hiyo anza na breki. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi kanyagio liwe gumu. Ukiwa ungali umelikanyaga, washa injini. Likizama kidogo, busta inafanya kazi. Lisipozama, gari lisitoke nyumbani, mwite makanika.

Sasa tafuta ufa. Egesha gari nje mahali tambarare, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunusika. Vuta breki ya mkono, weka gia huru na mawe kwenye magurudumu. Injini ikiwa baridi, pindapinda kila mpira, hasa ncha zake. Uliokauka au kulegea ndio mshukiwa wa kwanza.

Usipoona kitu, washa injini. Vua tai, kunja mikono ya shati, na ukae mbali na feni na ukanda wake. Shika kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe polepole karibu na viungo. Panapovuja utasikia mlio kama wa nyoka.

Wako wanaonyunyizia petroli ili wasikie mngurumo ukibadilika. Ndugu yangu, usithubutu! Cheche moja ya waya wa plagi yatosha kuliteketeza gari na wewe uliyeliinamia. Tumia maji kidogo ya sabuni katika chupa ya kunyunyizia, mbali na distributa na nyaya za plagi. Mngurumo ukibadilika kwa muda mfupi, umepata mwizi wako.

Zima injini, iache ipoe. Mpira ukiwa umepasuka nchani na bado ni mrefu, kata ncha hiyo uurudishe; la sivyo nunua mpya uliotengenezewa kazi hiyo. Usitumie mpira wa kumwagilia bustani, kwani joto huulainisha ukabonyea. Nati za kabureta zikaze kidogokidogo kwa zamu. Ukizidisha nguvu utapinda chuma na kuongeza ufa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari, ukuta huo waweza kuwa ule utakaougonga. Hadi Jumapili ijayo, tukijaliwa.