Kwa Gavana wa Kajiado: Baiskeli za Watoto Wetu Zijaribiwe Kwanza Kwenye Tope la Isinya

Mheshimiwa Gavana,

Chama chetu cha akina mama hapa Isinya kinakusudia kununua baiskeli za umeme za mizigo, zile zenye keria ndefu au sanduku, ili watoto wa chekechea wafike shuleni bila kurundikwa kwenye boda boda. Michango inakaribia kutimia. Kinachotukwamisha ni kuchagua, na hapo tunaihitaji ofisi yako kuliko tunavyomhitaji muuzaji.

Nimekuandikia wewe kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na barabara za kaunti. Mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, yuko chini ya uangalizi wako, na njia anayopita kwenda darasani ni yako pia.

Sheria ya trafiki inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Asubuhi, ukisimama pale njia za vijijini zinapoingia barabara kuu ya Namanga, utaona pikipiki yenye watoto watatu nyuma na mwingine amekaa juu ya tangi. Simlaumu mwenye boda. Mzazi ndiye aliyewapandisha, kwa kuwa hamudu kulipa nauli ya mtoto mmoja mmoja kila siku ya shule. Ndiyo maana umeme umetuvutia. Betri ya wati-saa 500 ikijazwa nyumbani hula nusu uniti na ushei, gharama isiyofika nauli ya boda ya safari moja. Tena sisi wa Isinya tuko karibu na umeme kuliko wengi: ni kwenye kituo chetu cha umeme ambako laini ya kilovolti 400 ya kwenda Singida, Tanzania, huanzia, na tangu mwishoni mwa 2024 nchi hizi mbili zimeunganishwa kupitia hapo.

Lakini baiskeli nyingi zinazonadiwa zimeundwa kwa ajili ya lami. Udongo wetu mweusi ni ule ambao mafundi wa ujenzi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kumwaga msingi. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, hauruki tairi linapozunguka, unaganda. Unajaa kati ya tairi na madigadi, tabaka juu ya tabaka, umechanganyika na nyasi, mpaka gurudumu linagoma. Mwenye baiskeli ya kawaida huukwangua kwa kijiti, au huitia baiskeli begani akavuka. Hii ya umeme ya mizigo mara nyingi ina kilo 30 au zaidi kabla mtoto hajapanda. Mama atambeba mtoto au ataibeba baiskeli? Na akizidi kuilazimisha mota wakati gurudumu limekwama, inapata moto na inaweza kuungua. Wauzaji hutuambia kilomita ngapi kwa chaji moja. Mimi huuliza vidole vingapi vinapita kati ya tairi na madigadi, na kama madigadi yenyewe yanafunguka kwa spana moja.

Kisha kuna miguu. Mtoto akisinzia hulegeza miguu, na kisigino kikiingia kwenye spoki, ngozi huchunika, pengine hata mfupa ukavunjika. Baiskeli isiyo na kinga inayofunika spoki, mahali pa kukanyaga na chuma cha kushikilia isiitwe ya watoto, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Wenzangu wengi wanapenda ya magurudumu matatu kwa kuwa inasimama yenyewe. Mjini, kwenye njia tambarare, sina neno. Huku kwetu malori yameacha mifereji miwili mirefu barabarani. Matairi mawili ya nyuma yakifuata mifereji, la mbele linapanda tuta la katikati. Na njia ikiinama upande, chombo chembamba chenye watoto waliokaa juu hupinduka upesi. Ya magurudumu mawili, yenye keria ndefu iliyo chini, inahitaji mstari mmoja tu, hata ule wa mbuzi. Hiyo ndiyo ningeichagua, yenye tairi pana, breki za diski na stendi ya miguu miwili ili isianguke watoto wanapopanda. Mota ningependa iwe kwenye pedali. Miiba ya migunga hututoboa pancha kila mara, na mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma fundi hana budi kuhangaika na nyaya kabla hajaifikia tiyubu. Cheni italika haraka kwa vumbi, lakini cheni kila fundi anaijua.

Zimbabwe, katika wilaya ya Wedza, shirika la Mobility for Africa lilianza mwaka 2019 kuwapa wanawake wa vijijini vyombo vya umeme vya magurudumu matatu, vikichajiwa kwa sola. Vyombo hivyo hubeba mazao na maji pamoja na watu, na kazi yake ni tofauti na yetu. Ninachotamani kutoka kwao ni kituo cha kuchajia kilicho karibu na mtumiaji. Chekechea za kaunti zingeweza kuwa vituo hivyo, kwa sababu baiskeli itakaa pale saa za masomo na jua la Kajiado liko juu yake.

Naomba ofisi yako iwaite wauzaji waje Isinya wakati wa mvua, si Januari, kila mmoja na baiskeli yake, zipite njia ya kweli zikiwa na mzigo wenye uzito wa watoto wawili. Matokeo yatangazwe kwa majina. Naomba pia mwiulize mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, kwa maandishi kama chombo cha aina hii kinahesabiwa baiskeli au pikipiki, maana kikiwa pikipiki sheria ya abiria mmoja itatukuta barabarani. Na vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe vijana kutengeneza mota na betri hizi kabla hazijazagaa.

Chama kimekubali kutonunua chochote mpaka mvua ndefu zijazo. Siku mtakayoitaja, tutaleta magunia ya mchanga na mizani. Kaunti ilete fundi, na atakayeandika.

Wako,
Mama wa mtoto wa PP1, Isinya